Hakijafa, hakijaitwa jina lake

Mhariri,

Naandika kuhusu ushauri mliouchapa kwenye ukurasa wa vijana, kwamba ukiunganisha kioo (skrini ndogo) au kihisi kwenye mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya saketi moja, kisha kikakaa kimya, ujue kimekufa, kirudishe dukani au ununue kingine. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Langoni, Lamu, kazi niliyoianza aliyeandika ushauri huo labda hajazaliwa. Nami niliwahi kuufuata ushauri kama huo. Nilivitupa vioo viwili. Vizima, Mhariri, havina hata mkwaruzo.

Halafu, kirudishwe duka gani? Vitu vyetu twaagiza Mombasa au Nairobi. Vinakuja kwa basi hadi Mokowe, vinavushwa kwa boti, na ukimpigia muuzaji kumwambia kioo hakiwaki, jibu liko tayari mdomoni: umekiunguza wewe, fundi. Ukipiga hesabu ya kukirudisha, gharama ya kifurushi na bei ya kioo zakaribiana. Basi mtu anakitupa kwenye kopo, anaagiza kingine, na cha pili nacho kinanyamaza vilevile, kwa sababu anakiita jina lilelile lisilo lake.

Niruhusu nieleze kwa wasiojua. Vifaa vidogo vya siku hizi, yaani vioo, saa, vihisi vya joto, vya hewa, vya mtikisiko, vingi vinazungumza kwa njia iitwayo I2C. Ni nyaya mbili tu, mmoja wa data na mmoja wa mapigo ya saa, na vifaa vyote vinaning'inia juu ya nyaya hizohizo. Philips waliibuni mwaka 1982 ili saketi za ndani ya televisheni zisemezane bila msitu wa nyaya. Sisi mafundi wa zamani tuliijua kabla hatujajua inaitwaje. Televisheni ikiletwa imesahau stesheni zote, ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye kile kidude cha miguu minane kilichoandikwa 24C02 au 24C08, unakibandua, unapachika kipya. Kile ndicho kilichokuwa kumbukumbu, na kilikuwa kikiitwa kwa nyaya mbili hizo.

Sasa, kama wote wameshika waya mmoja, nani ajuaye kwamba ni yeye anayeitwa? Hapa kwetu mwenye kuja na mzigo hapewi namba ya nyumba, maana haiko. Anaambiwa ingia Usita wa Mui, kata kwenye msikiti, daka (baraza la mlango) la tatu mkono wa kushoto, piga hodi umwite Bi Fulani. Anapiga hodi. Mwenye jina anaitika, wengine wote wanaosikia kichochoroni wananyamaza kwa sababu si wao. Kwenye waya ni hivyohivyo. Mikrokontrola inatangaza kwamba inaanza kusema, inatoa anwani yenye biti 7, yaani tarakimu saba za 0 au 1, inaongeza biti ya nane ya kueleza shida yake, kwamba nimekuja kuandika au nimekuja kusoma, halafu inauachia waya na kungoja mpigo wa tisa. Katika mpigo huo, mwenye anwani anauvuta waya chini. Ndiyo "karibu" yake. Asipouvuta mtu, waya unabaki juu, na programu inarudi kukuambia hakuna aliyeitika.

Kimya hicho ndicho kijana wenu anachokiita kifo. Lakini waya haujasema hivyo. Waya umesema hapa hakuna mwenye jina hili, basi. Ukipiga hodi kwangu ukamwulizia mtu wa Mkomani, utajibiwa na ukuta.

Nije kwenye vioo vyangu. Ni vile vidogo vyeusi vyenye saketi ya SSD1306, maandishi meupe au ya samawati, vinauzwa kila mahali. Nyuma ya ubao pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba anwani huchaguliwa hapa, na zimewekwa mbili, 78 na 7A, kwa hesabu ya kumi na sita, ile ambayo baada ya 9 inaendelea na A hadi F. Kwa hesabu yetu ya kawaida ni 120 na 122. Rezista ndogo imechomewa upande wa 78. Mtu mwenye akili zake anafanya nini? Anaandika 78 kwenye programu. Ndivyo nilivyoandika. Kimya. Nikabadilisha nyaya, kimya. Nikapima umeme kwa mita, volti 3.3 iko. Nikakitia cha pili, kimya. Nikavitia kopo la vitu vibovu pamoja na spika zilizopasuka, nikamwambia mke wangu siku hizi wanatuuzia takataka.

Anwani ya kioo kile ni 60. Kwa hesabu ya kumi na sita, 3C. Aliyechapa ubao amezihesabu biti 8 zote, anwani pamoja na ile biti ya kuandika au kusoma, akazisoma kama namba moja. Ukitia sifuri nyuma ya 6 katika hesabu ya sokoni unaizidisha kwa kumi. Ukitia sifuri nyuma ya namba katika hesabu ya mbili, ya 0 na 1 tu, unaizidisha kwa mbili. Kwa hiyo 60 imegeuka 120 wakati wa kuandika, na ingekuwa 121 wakati wa kusoma. Maktaba (programu zilizokwisha kuandikwa) ya bodi za Arduino, nami ndiyo niliyokuwa nikiitumia, inataka biti 7 tu, ya nane inaitia yenyewe. Nilipoipa 120 ikaizidisha tena.

Na kuna kioja zaidi. Biti 7 zinatoa anwani 128, lakini 0 hadi 7 na 120 hadi 127 zimetengwa kwa kazi maalumu, hivyo zinabaki 112. Zile programu ndogo za kupiga hodi kila mlango ili kuona nani yupo, baadhi zinaanzia 8 zinaishia 119. Yaani namba iliyochapwa kwenye ubao haimo hata katika mitaa inayotembelewa!

Sitaki kumwita aliyechapa mwongo. Vitabu vya zamani vya kutengenezea televisheni navyo viliandika hivyo. Kile kidude cha kumbukumbu kilikuwa kikiandikwa A0 kwa kuandika na A1 kwa kusoma, na anwani yake yenyewe ni nusu ya A0, yaani 50 kwa hesabu ya kumi na sita. Hata leo si wote wamekubaliana. Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko chuoni na huko wanatumia mikrokontrola za STM32. Alipokuja likizo akakitoa kioo koponi, akakiunganisha kwenye bodi yake, akaandika 78, kikawaka. Mezani kwangu! "Mjomba, mbona kizima hiki?" Nikamwambia umekifanyia uchawi. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Kumbe maktaba ya bodi yake inataka anwani iliyokwisha kusogezwa, ile ya biti 8. Mimi na yeye tulikuwa tunamtaja mtu yuleyule, mmoja kwa jina lake, mwingine kwa jina lake na la babake.

Baada ya hapo nilianza kuvikagua vitu vyote vya kopo la vibovu. Kulikuwa na vile vioo vya kijani vya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja, vyenye ubao mdogo mgongoni. Viwili, sura moja, kimoja kinaitika kwenye 39 na kingine hakiitiki. Chukua miwani usome mgongo wa saketi: kimoja ni PCF8574, kingine PCF8574A. Herufi hiyo moja ya mwisho inakihamisha kutoka mtaa wa 32 hadi 39 na kukipeleka 56 hadi 63. Cha pili kilikuwa 63, kimekaa kinaningoja. Vingine vilikuwa vinakosa rezista za kuuvuta waya juu. Katika njia hii hakuna anayeusukuma waya juu, kila kifaa kinajua kuvuta chini tu, kwa hiyo bila rezista mbili, mimi hutia za kilo-omu 4.7, waya haupandi na hakuna linalosikika.

Si kwamba kila kimya ni jina kukosewa. Wakati mwingine ni kelele ya wawili wenye jina moja, na hiyo ni mbaya zaidi, maana unaitikiwa.

Mwenye boti mmoja alitaka kengele ya usiku. Boti ikiguswa au ikifunguliwa kamba pale ilipofungwa, kengele ilie na wakati uandikwe. Tukatia kioo, saa ya DS3231 na kihisi cha mtikisiko cha MPU-6050. Kabla ya kufunga boksi tukapiga hodi nyaya zote, wakaitika watatu: 60, 87 na 104. Tulitia vitu vitatu, wameitika watatu, tukafunga boksi na kunywa kahawa. Usiku ule saa ilitaja wakati ambao haupo duniani. Tukirekebisha saa, kihisi cha mtikisiko kinaingia wazimu.

Hesabu yetu ilikuwa sahihi kwa bahati mbaya. Saa na kile kihisi vyote viwili vinatoka kiwandani vikiwa 104. Vikiitwa vinauvuta waya chini kwa pamoja, na anayesikiliza anaona karibu moja. Yule wa tatu, 87, hatukumwalika: ni kumbukumbu ndogo inayokuja imechomewa kwenye ubao uleule wa saa. Vikisomwa pamoja, penye mmoja kusema 1 na mwingine 0 ni 0 inayoshinda, kwa kuwa mvutaji chini ndiye bwana. Ndiyo maana ya ile saa ya kichaa. Na ukiandika dakika kwenye saa, kihisi nacho kinapokea maandishi hayo kikidhani yake. Dawa ilikuwa waya mmoja wa urefu wa ukucha: mguu wa kihisi ulioandikwa AD0 ukiupeleka kwenye umeme wa volti 3.3, anwani inakuwa 105. Kwa vifaa visivyo na mguu wa namna hiyo kuna saketi ya kugawa njia iitwayo TCA9548A, inafungua mlango mmoja kati ya minane kwa wakati wake, lakini mie sijapata haja nayo.

Sasa nikiri kosa langu lililonitia aibu, kwa sababu aliyelipia hakuwa mimi.

Kuna mchuuzi wa samaki hapa ufukweni, mtu wa heshima, ana madeli manne makubwa ya barafu. Aliomba apate kuona joto la kila deli bila kufungua kifuniko, kwani kila ukifungua barafu inakimbia. Kwa kazi hiyo nyaya za I2C hazifai, zimekusudiwa masafa mafupi. Tukatumia DS18B20, vile vihisi vilivyofungwa ndani ya bomba dogo la chuma na waya mrefu mweusi. Hivi vina njia yao nyingine, data yote kwenye waya mmoja, na anwani yake haichaguliwi kwa mguu wala kwa rezista. Kila kimoja kinatoka kiwandani na namba ya biti 64, ya kwake peke yake: biti 8 za ukoo, ambazo kwa DS18B20 husomeka 28 kwa hesabu ya kumi na sita, 48 za namba yake mwenyewe, na 8 za kukagua kama umesikia sawasawa. Huwezi kuikutia pacha. Nami nilipenda sana hilo, hakuna tena 104 mbili.

Siku ya kwanza mchuuzi alicheka mpaka akakaa. Kioo kiliandika digrii 85 kwa madeli yote. "Fundi, samaki washaiva, leta wali." Hiyo 85 ndiyo namba anayoamka nayo kihisi kabla hajapima, ukimsoma kabla ya kumpa muda, na kwa kipimo chenye nukta nyingi kabisa anahitaji karibu robo tatu ya sekunde, anakupa hiyo. Tukasubiri, ikashuka hadi 1 na nukta kadhaa. Tukashikana mikono.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Mpwa wangu, kwa haraka ya kuwahi boti, hakuziandika zile namba ndefu kwenye programu. Aliandika wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kwa foleni ya wanavyopatikana wakitafutwa. Foleni hiyo haijui deli lolote; inafuata biti za namba zao. Akapanga madeli kulingana nayo, ikaenda vizuri wiki mbili.

Paka wa Lamu mnawajua, kila mgeni anawapiga picha. Mmoja wao aliuona waya wa deli la pili unanuka nguru, akautafuna mpaka ukakatika. Kihisi cha pili kikatoka kwenye foleni. Wa tatu akawa wa pili, wa nne akawa wa tatu, na kioo kikaandika deli la nne halina kihisi. Mlinzi wa usiku akalishughulikia la nne, akatia barafu, akalifunika vizuri. Deli la pili lilikuwa linasomeka digrii 1 usiku kucha, nalo linayeyuka. Asubuhi mchuuzi alinipigia simu, na sauti yake haikuwa ya kucheka. "Fundi, mashine yako imenidanganya." Sikuwa na la kujibu. Nguru walioharibika nilimlipa nusu, na nusu nyingine namtengenezea redio za boti zake bila malipo hadi leo.

Nilivifungua vyote vinne nikaanza upya, na kazi yenyewe naieleza kwa sababu mtu anaweza kuifanya mezani kwake. Unaandika programu itoe namba zote nne na joto la kila mmoja, mstari kwa mstari. Vyote vinasoma joto la chumba, digrii 30 na kitu, vinafanana. Halafu unakishika kimoja ndani ya ngumi. Bomba la chuma kwanza unalihisi baridi kiganjani, kisha unaangalia kioo: mstari mmoja unaanza kupanda, 31, 32, 33, mitatu mingine imetulia. Ndiye huyo. Nikaandika namba yake kwenye daftari la mraba, nikaomba rangi ya kucha ya binti yangu nikatia doa moja kwenye waya. Cha pili madoa mawili. Hadi manne. Kisha namba hizo nne nikaziandika ndani ya programu, kila deli na namba yake kamili. Sasa waya ukikatika, deli lenyewe ndilo linaloandikwa halipo, na wengine hawahami daka. Binti yangu bado ananidai chupa ya rangi.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwenu ni dogo. Mliposema kimekufa, chapeni kwamba kwanza apige hodi kwa namba zote kuanzia 8 hadi 119, aone nani anaitika, halafu atazame kama namba aliyopewa ni ya biti 7 au 8. Ikiwa kubwa kuliko 119, aigawe kwa mbili ajaribu tena. Chapeni kwa Kiswahili, kwa sababu vijana wanaonijia dukani wanaweza kuchomea nyaya kwa risasi kuliko mimi, kinachowashinda ni karatasi ya Kiingereza ya kurasa 60 ambayo anwani imefichwa katikati yake. Na wauzaji wanaosoma gazeti hili, mwaweza kubandika kikaratasi kwenye pakiti: anwani fulani, biti 7. Maneno mawili tu na namba. Mmezoea kubandika bei.

Kile kioo kimoja alichokitoa mpwa wangu ndicho kilichofungwa kwenye kengele ya boti, kinaitwa 60 na kinaitika. Cha pili sikukikuta koponi. Wiki iliyopita nimekiona ufukweni, mtoto wa jirani amekigongomea kwenye jahazi lake la kuchezea, nyuma ya mlingoti. Nikamwomba anirudishie nimpe peremende. Akakataa. "Ami, hii ni tivii ya nahodha."

Fundi redio,
Langoni, Lamu